Ndoo ya Kwanza

Majani yalikuwa hayajaota juu ya kaburi la mkewe pale mwalimu Gamaliel alipoanza kusema kwamba maji ya mtaa yameharibika, na hilo ndilo lililomponza. Mfiwa akilia, watu humwelewa. Mfiwa akisema chai yake ina ladha ya msumari, watu hutazamana, kisha humtafutia dawa ya kichwa.

Na huyu hakuwa mfiwa wa hivi hivi. Alikuwa amefundisha sayansi katika shule ya sekondari ya Wamethodisti hapa Kamina, Kongo, tangu kichwa chake kikiwa na nywele mpaka zilipohama zote. Karani yeyote utakayemkuta mjini akigonga mhuri, ukimkuna kidogo utakuta chini yake mwanafunzi wa Gamaliel. Walimwita Papa Prof, hata wale aliowahi kuwachapa. Kasoro yake ilikuwa moja, nami naisema mapema ili tusigombane baadaye: hakuweza kuona kitu bila kukieleza. Mvua ikinyesha, aliieleza. Ugali ukiungua, alimweleza mpishi kwa nini umeungua, na mpishi maskini alikuwa anataka asaidiwe kuuepua tu.

Mtaani kwao kuna pampu ya mkono. Ilichimbwa na wafadhili zamani kidogo, wakashusha mabomba ya chuma kupita udongo mwekundu mpaka kwenye maji baridi, wakapiga picha, wakaenda zao. Mwenye ufunguo ni Josaphat, mtu mzima mwenye mabega mapana, naye alipita mikononi mwa Papa Prof. Jioni huifunga pampu kwa mnyororo ili watoto wasiivunje kwa michezo. Alfajiri huifungua, na hapo wanawake wamekwisha kupanga ndoo na bidoni zao, madumu ya plastiki, kwa mstari.

Ila ndoo ya kwanza haiwi ya mtu yeyote tu. Kama vile firigisi ya kuku huwekewa baba mwenye nyumba, na ole wake mtoto atakayeila, ndivyo maji ya kwanza ya siku yalivyokuwa ya mkubwa wa mtaa. Josaphat huijaza ndoo, huifunika kwa sahani, huibeba mwenyewe kwa mikono miwili mpaka kwenye mlango wa Papa Prof, hugonga na kuita, "Mayi ya mukubwa!" Wanawake wote husubiri mpaka arudi. Hakuna aliyenung'unika hata siku moja. Katika mji ambao treni huja ikijisikia, ndoo ile haikuchelewa kamwe.

Ndaya, mkewe, alipokuwa hai, yeye ndiye aliyeipokea. Ndaya alikuwa binti wa wakulima, Wakatoliki wa tangu zamani, wenye mashamba yao ya mihogo nje ya mji. Wazee wa Gamaliel walipumua kwa shida siku waliposikia kijana wao, mtoto wa kanisa, msomi, anataka kuoa kwa watu wa rozari. Wakaoana hivyo hivyo. Kila Jumapili walitoka pamoja kwenye lango moja, mmoja akashika kushoto, mwingine kulia, kila mtu na kitabu chake cha nyimbo, na mchana wakakutana mezani wakibishana ni padri au mchungaji aliyehubiri kirefu zaidi. Aliyeshinda alikula kwanza. Gamaliel aliikumbuka meza ile kuliko alivyoyakumbuka mahubiri yote.

Sasa meza ilikuwa na kiti kimoja. Gamaliel alipokea ndoo mwenyewe, akachemsha maji mwenyewe, akatia majani ya chai, na chai ikatoka nyeusi. Si nyeusi ya kukolea. Ilikuwa nyeusi kama wino, na juu yake ngozi nyembamba yenye rangi rangi. Akainywa, na ulimi wake ukahisi kama amelamba kitasa cha mlango. Kesho yake vivyo hivyo. Maharagwe yakaiva yakiwa ya kijivu. Shati lake jeupe la kanisani likapata madoa ya kahawia begani, naye akaenda nalo ibadani akiwa amenuna.

Akaenda kulalamika pampuni. Wanawake wakamkingia kikombe, akaonja. Maji matamu, safi, baridi. Akarudi nyumbani, akaonja ya ndoo yake: msumari. Akamgeukia Josaphat.

"Hii ndoo unatiyaka nini ndani? Unabebaka misumari?"

"Papa Prof, minyi?" Josaphat alishika kifua. "Ndoo ile haijuake kintu ingine, paka tu mayi yako."

Josaphat akaleta ndoo mpya, ya plastiki, bado ina karatasi ya dukani. Maji yakawa yale yale. Gamaliel akasema basi kuna mtu anamwonea wivu. Akasema tangu Ndaya aondoke, maji hayamtaki tena. Hapo ndipo watu walipoacha kubishana naye wakaanza kumwitikia ndiyo, ndiyo, Papa, kwa sauti ile wanayoitumia kwa watoto wenye homa. Mtu mmoja mwenye huruma akampigia simu Talitha.

Talitha ni binti yake, anauza dawa katika famasia moja ya Lubumbashi, na ana haraka ya watu wa mji mkubwa. Alifika na basi, vumbi la njia nzima liko kwenye nyusi, akamkumbatia baba yake, akanusa nyumba, akaanza kufagia kabla hajaketi. Asubuhi iliyofuata ndoo ya Josaphat ilipofika, aliimimina yote kwenye beseni la kufulia, maana nguo chafu zilikuwa mlima. Kisha akaenda pampuni na bidoni lake, akasubiri zamu yake pamoja na wenzake, akarudi, akapika chai.

Chai ilikuwa nyekundu nzuri, rangi ya chai.

"Onja, Papa. Iko na nini?"

Gamaliel akaonja. Akaonja tena. Angeweza kusema uongo, lakini mtu aliyefundisha sayansi maisha yake yote hawezi kudanganya juu ya kikombe.

"Leo iko muzuri," alisema.

"Na kesho itakuwa muzuri." Ikawa hivyo kesho yake, na siku iliyofuata. Talitha akaketi mbele yake, akamshika mikono yote miwili, akasema kwa upole uliomuuma kuliko tusi. "Papa, mayi haina mambo. Kuikala peke yako njo kunakuharibisha kichwa. Tutafunga nyumba, tutaenda wote Lubumbashi. Batoto bangu banakuita kila siku."

"Na nyumba ya mama yako?"

"Nyumba haitakimbia."

Akamfungia begi. Kweli, ilikuwa mapenzi, nani atamlaumu? Lakini Gamaliel alitazama begi lile karibu na mlango akaona kama limefungiwa marehemu. Katika nyumba hii alimleta Ndaya akiwa bibi harusi. Kwenye ukuta wa jikoni kulikuwa bado na alama ya mafuta pale Ndaya alipokuwa akiegemeza mgongo akisubiri chungu kichemke. Lubumbashi angekuwa mzee fulani kwenye chumba cha wajukuu, mzee ambaye kichwa chake kimeharibika, na wakwe wangeficha visu. Alijua kwamba akiondoka hivi, akiwa na jina hilo, hatarudi. Na mbaya zaidi, alianza kuogopa kwamba pengine wanasema kweli.

Siku moja kabla ya basi aliamka mapema, kwa mazoea ya uchungu tu. Talitha alikuwa bado amelala. Josaphat akagonga, akaita, "Mayi ya mukubwa!", Gamaliel akaipokea ndoo, akawasha makaa, akajipikia chai. Nyeusi. Wino mtupu. Akaketi nayo mezani bila kuinywa, akijiuliza kama macho nayo yamekwenda.

Talitha akaamka, akapiga miayo, akaenda pampuni, akarudi na bidoni lake, akapika chai yake kwenye sufuria ile ile, kwa majani yale yale, akaiweka mezani bila kutazama. Hapo vikombe viwili vikawa ubavu kwa ubavu. Kimoja chekundu, kimoja cheusi.

Talitha akaviinamia.

"Papa, ile umetia nini?"

"Chayi. Yako na yangu ni ya pakiti moya."

Talitha akachovya kidole kwenye kikombe cheusi, akakilamba, akakunja uso wote. "Mama yangu! Ni chuma!"

"Nilisemaka," alisema Gamaliel. "Nilibasemeaka bote."

Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo, na mwalimu naye hajifundishi. Mambo haya yote alikuwa akiyafundisha! Lakini huzuni ilikuwa imekaa juu ya akili yake kama mwanamke mnene juu ya gunia la unga, na hakuna aliyeweza kuchota. Sasa gunia likafunguka. Akamimina maji ya ndoo katika glasi moja na maji ya bidoni katika glasi nyingine, akaziweka dirishani. Mwanzoni zilifanana. Jua lilipopanda, glasi ya ndoo ikaanza kuwa ya njano, kisha kahawia, na kufikia mchana kulikuwa na unga mwekundu chini yake. Glasi ya bidoni ilibaki kama ilivyokuwa. Gamaliel alizizunguka glasi zile kama bwana harusi.

Akamsimulia Talitha somo lake la zamani, ambalo lilikuwa maarufu kwa sababu lilikuwa na kelele. Chupa mbili za jamu, msumari mpya katika kila chupa, maji yaliyochemshwa yakapoa. Katika chupa moja hakufanya kitu. Katika ile nyingine aliwapa wanafunzi bua la jani la mpapai, lile lenye tundu ndani, wapulize pumzi yao majini kwa zamu, asubuhi na mchana. Wasichana walicheka mpaka mate yakaingia. Wavulana walishindana mpaka mmoja akashikwa na kizunguzungu akakaa chini. Baada ya muda msumari wa maji yaliyopulizwa ulikuwa umevaa koti jekundu, na mwenzake bado anang'aa kidogo. Chupa zenyewe alikuwa akiziiba jikoni, na Ndaya, aliyezitaka kwa mafuta ya mawese, alimfuata mpaka mlangoni pa darasa kuzidai mbele ya wanafunzi wote. Gamaliel alipofika hapo alitabasamu peke yake.

"Ile gaz yenye tunatosha mu pua," aliendelea, "njo iko mu mayi ya chini. Mizizi inapumua mu udongo. Majani inaoza. Mvua inashuka, inachukua ile gaz, inaenda nayo chini. Mayi inakuwa na ukali kidogo, sawa Fanta yenye haina sukari. Weye hauwezi kusikia ule ukali. Chuma inasikia."

"Inakula bomba?"

"Inakula pole pole. Muchana mayi inapita mbio, haina wakati ya kula. Lakini Josaphat anafunga pompe mangaribi. Mayi inalala mu bomba usiku muzima, inakula tu mpaka asubui. Ndoo ya kwanza inabeba chakula ya usiku yote. Ya pili, ya tatu, inaanza kusafika. Mu katikati ya mulongo ya bamama, iko safi."

Talitha alifunika mdomo. "Basi mutaa muzima banakupa mayi ya mubaya kupita yote."

"Ju ya heshima," alisema Gamaliel.

Wakatazamana, wakacheka, Talitha akilia wakati huo huo. Akamwomba msamaha baba yake. Akasema kichwa cha baba ni kizima kuliko chake yeye mwenyewe. Akalivuta begi kutoka mlangoni, akalisimamisha nyuma ya kabati, hakulifungua lakini pia hakulirudisha mlangoni. Gamaliel aliona, akashukuru moyoni.

Ingekuwa mimi, ningeishia hapo nikanywa chai yangu nyekundu. Lakini nimekwisha kuwaambia kasoro ya mtu huyu. Swali moja lilikuwa limebaki, naye hakuweza kuliacha limelala. Kama maji yalikuwa hivi, mbona miaka yote alikunywa chai nzuri, ikaharibika Ndaya alipokufa? Akafikiri, akapata jibu, na jibu lilikuwa zuri mno. Mabomba yale yalikuwa yamepakwa zinki. Zinki huliwa kwanza, na inapokwisha, zamu ya chuma huanza. Basi zinki ya Kamina ilikwisha mwaka ule ule ambao Ndaya alikwisha. Aliona kuna huzuni nzuri katika jambo hilo, akaanza kulipenda.

Alasiri ile akaja Mama Salomé. Huyu ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Baada tu ya mazishi alikuwa amepanda treni kwenda Luena kumwangalia binti yake aliyejifungua vibaya, na sasa ndiyo alikuwa amerudi. Aliingia na mihogo mikavu katika kanga, akakaa kibarazani, akalia kilio chake cha haki kwa ajili ya Ndaya, akajifuta, akapewa chai. Gamaliel hakumwacha hata ameze. Akamwonyesha glasi, akamweleza gesi, akamweleza mizizi, akafika kwenye zinki.

"Miaka yote ile zinki ilikuwa inatulinda, Mama Salomé. Mayi ilikuwa muzuri. Ndaya alikufwa, na zinki nayo ilikwisha."

Mama Salomé aliweka kikombe chini. Akamtazama Talitha, akazitazama zile glasi mbili, akamrudia Gamaliel.

"Papa Prof, nani alikuambia mayi ya kwanza ilikuwaka muzuri?"

"Nilikuwa nainywa!"

"Haukuinywaka hata siku moya."

Gamaliel akanyoosha kidole kwenye glasi zake, tayari kueleza.

"Ile mayi ni nyekundu tangu kitambo," alisema Mama Salomé. "Ndaya alikuwa anaipokea ku mulango ya mbele, anamushukuru Josaphat muzuri sana, bantu bote banaona. Kiisha anaenda nayo nyuma ya nyumba, anamwanga ku migomba. Anabeba bidon yake, anatokea ku mulango ya nyuma, anakuya kupanga mulongo na siye. Nyuma yangu. Kila asubui. Mvua, baridi, ata siku ile alikuwa na homa. Chayi yako yote ulikunywaka, ni mayi ya mulongo."

Kwa mbali injini ya treni ilikuwa inapanga mabehewa, ikayagonganisha, ikaacha.

Usione vyaelea, vimeundwa. Gamaliel aliziona asubuhi zile zote kwa mara moja, safari hii kutoka upande wa nyuma. Yeye ananyoa ndevu mbele ya kioo, redio inasoma habari. Mlango wa nyuma unalia bawaba zake. Yeye anapaza sauti, "Ndaya, unaenda wapi tena? Mayi ilishafika!" Na sauti ya mkewe kutoka uani, "Minyi nakuya!" Na yeye anatikisa kichwa na povu kidevuni, akisema wanawake na pampu, umbea mtupu. Siku moja alimfungulia hata Biblia, akamsomea mstari juu ya ulimi. Ndaya alisikiliza mpaka mwisho, akaitika amina, akachukua bidoni lake akatoka.

"Ju ya nini hakuniambia?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Angekuambia, ungefanya nini? Ungeenda ku pompe na chupa zako, ungefundisha mutaa muzima. Ungemurudishia Josaphat ndoo yake mbele ya bantu, na Josaphat angekufwa na haya." Mama Salomé alishusha sauti. "Alipendaka kuona vile banakuheshimu. Alisemaka, bwana yangu hana mali, hana gari, iko paka na ile ndoo tu. Alitaka upate byote mbili, heshima na mayi ya muzuri."

"Na benzako? Hawakuona?"

"Bamama bote banajua ya kwanza si ya kunywa. Banazania na weye unajua. Weye si Prof? Bakakusikia unalalamika, bakasema ni huzuni."

Gamaliel aliinama akaficha uso kwa viganja, akalia mbele ya binti yake na mbele ya jirani, kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata makaburini. Alimlilia Ndaya, na alijililia mwenyewe, mwanaume aliyejua chuma kinaliwa na nini na asijue nani anamletea chai. Hakuna aliyemkataza.

Mama Salomé alipoondoka, Talitha alikaa muda mrefu anaviringisha ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Kisha akaenda nyuma ya kabati, akarudi na begi, akalisimamisha tena mlangoni.

"Papa, nilizania ni kichwa yako. Sio kichwa. Ni Mama haiko. Yeye njo alikuwa anakuishisha hapa." Alisema bila ukali. "Josaphat hataacha kuleta ile ndoo. Weye hautaikataa, utamuua na haya. Sasa nani atapanga mulongo ju yako kila asubui? Kesho tutapanda basi."

Gamaliel akalitazama begi. Kwa mara nyingine binti yake alikuwa amesema kweli.

Asubuhi Josaphat alipogonga, alimkuta Papa Prof amesimama mlangoni, amevaa kofia na koti lake la shule, viatu vimepigwa rangi. Gamaliel aliipokea ndoo kwa mikono miwili.

"Wafwako, Josaphat," alisema kwa Kiluba, kama Ndaya alivyokuwa akisema shukrani zake. "Na unisamehe ju ya ile mambo ya misumari. Haikukuwa ndoo yako."

Josaphat alifurahi mpaka akakosa pa kutazama, akarudi pampuni kifua mbele. Gamaliel akapita na ndoo sebuleni, akapita jikoni, akatoka uani. Migomba ilikuwa minene huko nyuma, na udongo chini yake ulikuwa umefanya ganda la kutu, gumu, ambalo aliliona miaka yote akidhani ni rangi ya ardhi. Akamimina. Akachukua bidoni la njano lililokuwa limening'inia kwenye msumari wake. Bawaba za mlango wa nyuma zikalia.

Mwanaume katika mstari wa maji ni jambo. Mzee katika mstari wa maji, mwenye kofia, ni mkosi. Soga zote zikakatika. Mwanamke mmoja kijana akamkimbilia.

"Papa Prof, leta bidon! Tutakujazia sasa hivi, mbele ya bote!"

"Hapana, mwanangu, hapana!" Gamaliel alilikumbatia bidoni. Heshima ilikuwa inamfuata tena na maji yake ya kutu. "Nitapanga mulongo."

Josaphat akaacha mpini wa pampu. "Papa, ndoo ilimwangika? Nitaleta ingine. Bantu batasema nini juu yangu?"

"Ndoo yako ilinifikia, na kesho ulete tena, ni ya kwangu. Hii bidon ni mambo ingine."

Watu wakatazamana, na kale ka ndiyo-ndiyo-Papa kalikuwa kanaanza kurudi midomoni. Mama Salomé, aliyekuwa katikati ya mstari na mikono kiunoni, akageuka.

"Mumuache. Papa Prof, kuya hapa nyuma yangu. Pa bibi yako ni hapa."

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakarudi hatua, nafasi ikapatikana, nafasi ya mtu mmoja. Gamaliel akaingia, akaweka bidoni chini. Talitha alikuwa amemfuata mpaka mlango wa nyuma, amevaa tayari kwa safari. Alimtazama baba yake akiwa na kofia yake kati ya vilemba, akamtazama kitambo. Kisha akatoa simu, akampigia mumewe Lubumbashi, akasema anakuja peke yake.

Mpini ulipanda ukashuka. Ndoo zikajaa moja baada ya nyingine. Kwa muda Gamaliel hakusema kitu, jambo lililowashangaza wote. Hatimaye alimwinamia Mama Salomé.

"Asubui yote ile, weye na Ndaya mulikuwa munaongea nini?"

"Siye? Tulikuwa tunakucheka."

"Minyi?"

"Weye, Papa Prof. Ndaya alikuwa anakufwatisha sauti, vile unafundishaka ata mwizi wa kuku kwa nini kuku inalia. Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika tumbo."

Gamaliel alishtuka. Akajaribu kukasirika, ikashindikana. Kicheko kilimtoka kwa pua, kikamtoka kwa mdomo, machozi yakamtiririka mpaka kwenye kola ya koti la shule, na hakujua yapi ni ya kicheko na yapi ni ya kilio.

"Uniambie yote," alisema alipopata pumzi. "Yote yenye alisemaka."

"Iko mingi," alisema Mama Salomé. "Leo nitakuambia moya. Ingine utakuya kesho."

Mstari ukasogea, naye akalisukuma bidoni lake mbele kwa mguu, kama alivyowaona wenzake wakifanya.